Nilinunua majina kumi ya Google, lililonilipa ni la maji taka

Oktoba 2023 nilinunua kifurushi cha shilingi 1,200,000 kwa kampuni moja ya kutengeneza tovuti upande wa Sinza, nikalipa sehemu kwanza. Niliahidiwa majina kumi ya vikoa, yaani anwani za tovuti zile zinazoishia .com au .co.tz, kila jina na tovuti yake, makala tano ndani ya kila tovuti, matangazo ya Google ya kuniingizia dola, na "ukurasa wa kwanza ndani ya siku 90". Naandika haya ikiwa imetimia miezi ishirini. Nawapa nyota mbili kati ya tano, na kusema haki, moja ya hizo mbili ni ya dereva wa gari la maji taka. Jina la kampuni sitaliandika. Vifurushi hivi vinauzwa na watu wengi hapa mjini, na nilichouziwa mimi ndicho utakachouziwa wewe, labda rangi ya nembo tu ndiyo itakuwa nyingine.

Mimi si mtu wa kompyuta. Nakodisha maturubai, viti na masufuria ya shughuli, Tabata, mwaka wa kumi na nne huu. Harusi zikiwa nyingi napata, ikiingia Kwaresma na Ramadhani kwa pamoja nakaa naviangalia viti na vyenyewe vinaniangalia. Kwa hiyo kijana alipokuja na kishikwambi chake akaniamkia vizuri, akakaa, akaniambia kuna hela inaingia mtu akiwa amelala, nilimsikiliza.

"Mama, jina la kikoa ni kiwanja," akaniambia. "Unanunua leo porini, kesho barabara inapita."

Hapo ndipo ningemsindikiza getini. Nina kiwanja Chanika tangu 2015 na barabara bado naisubiri.

Biashara yenyewe aliieleza hivi. Mtu akiwa na shida anaandika maneno kwenye Google, tuseme "viti vya kukodi Dar". Wewe ukiwa na tovuti ambayo jina lake ni maneno hayohayo, Google inaipandisha juu. Watu wanaingia, wanakuta matangazo, wanabofya, Google inakulipa. Ukichoka, unaliuza jina. Akanionyesha picha: insure.com iliuzwa dola milioni 16 mwaka 2009, voice.com dola milioni 30 mwaka 2019. Nimekuja kuhakikisha baadaye, ni kweli kabisa. Ila hayo ni maneno mamoja ya Kiingereza, ya .com, yaliyonunuliwa na makampuni yenye mifuko mirefu. Mimi nilipewa jina lenye maneno manne ya Kiswahili yaliyoshikana kama chapati zilizokosa mafuta, hata mwenyewe nikiliandika narudia mara mbili.

Majina yangu kumi yalikuwa haya, nayataja kwa mada: maturubai ya harusi, viti vya kukodi, viwanja vya bei nafuu, mikopo ya haraka, ajira mpya, mapishi ya pilau, tiba ya vidonda vya tumbo, simu za bei rahisi Kariakoo, hoteli za Zanzibar, na gari la maji taka. Matano ya .co.tz, matano ya .com. Hilo la mwisho nililikataa mwanzoni. Nikamwambia yule kijana, mwanangu, mimi nauza heshima ya shughuli, utaniwekaje na vyoo? Akacheka, akasema mama liache, ni la kujazia idadi.

Ndani ya wiki mbili tovuti zote zilikuwa hewani. Kwa kasi, hongera. Zinafunguka haraka kwenye simu, hata bando likiwa la kubahatisha, na simu zangu walikuwa wanapokea. Hapo ndipo ilipotoka nyota yao.

Sasa makala. Nilikaa jioni moja na miwani yangu nikasoma ile ya maturubai, kazi ninayoijua kuliko watoto wangu. Ilianza vizuri, "turubai ni muhimu kwa shughuli yako". Aya ya tatu ikaniambia nifunge vigingi vizuri kwa sababu ya upepo wa mlimani. Aya ya nne ikanionya nisiache chakula ndani ya turubai usiku kwa sababu kitavutia dubu. Dubu! Tabata! Nikafungua ya maji taka: mmiliki wa nyumba anashauriwa kukagua shimo lake kabla ya majira ya baridi, mabomba yasije yakaganda kwa barafu. Yaani mtu kachukua makala za Wamarekani, kazipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, hakusoma hata mstari mmoja, akanibandikia. Nilipompigia kijana akasema, "Mama, hizo si za watu kusoma, hizo ni za Google kusoma."

Kauli hiyo nilimrudishia mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni, akashika kichwa. Akanieleza kitu ambacho kingeniokolea milioni. Mchezo wa majina yenye maneno ya kutafutwa ulikuwa unalipa kweli zamani. Lakini tarehe 28 Septemba 2012, mtu wa Google wakati huo, Matt Cutts, alitangaza kwamba wanazishusha tovuti duni ambazo jina lake linafanana neno kwa neno na kitu kinachotafutwa. Kwa Kiingereza cha Marekani mabadiliko yale yaligusa asilimia 0.6 ya utafutaji. Ukiwa na jina la hivyo na tovuti yako ni nzuri, hakuna tatizo. Kilichokufa ni lile jina lenyewe kubeba takataka mgongoni. Hivyo mimi 2023 niliuziwa uji uliochacha 2012.

Kwa nini basi bado wanauza? Kwa sababu kwa Kiswahili unaweza kupanda kirahisi. Kurasa za Kiswahili zinazojibu shida ya mtu wa Dar bado ni chache, na ukiwa peke yako kwenye mbio hata ukichechemea utashika namba moja. Swali ni kama uwanjani kuna watazamaji.

Na hapa ndipo penye ufundi wa hawa jamaa. Siku ya 88 nililetewa ripoti ya kurasa sita, ya rangi. Tovuti zote kumi, nafasi ya kwanza! Nikafurahi, nikalipa laki tano zilizobaki. Kisha mpwa wangu akaniuliza, nafasi ya kwanza kwa maneno gani? Tukaangalia. "Maturubai bora ya kisasa ya harusi Tabata Dar es Salaam Tanzania." Shangazi, akaniuliza, wewe umeshamsikia nani anatafuta hivyo? Google wana chombo chao cha bure, Search Console, kinakuonyesha tovuti yako imetokea mara ngapi kwenye utafutaji, imebofywa mara ngapi, na kwa wastani iko nafasi ya ngapi. Sentensi ile ndefu ilikuwa imetafutwa mara tatu kwa mwezi mzima. Mara mbili nilikuwa mimi. Ya tatu nadhani kampuni, wakipiga picha ya ripoti. Kwa maneno ambayo watu wanayaandika kweli, "kukodi maturubai", nilikuwa nafasi ya 38, na mtu mwenye harusi Jumamosi hafiki huko.

Ukiletewa ripoti, uliza maneno, halafu uliza yametafutwa mara ngapi. Wakikunja sura, umeshajibiwa.

Kuhusu dola. AdSense, ule mpango wa Google wa kukulipa kwa matangazo, inalipa ukifikisha dola 100. Kabla ya hapo, ukifika dola 10, wanakutumia barua ya posta yenye namba ya siri uiingize kuthibitisha anwani yako. Mimi sina sanduku la posta, nani analo siku hizi? Nikaenda kumwomba dada yangu tutumie la shule anayofundisha. Akaenda kwa mkuu wa shule, mkuu akataka kujua barua ya Google inahusu nini, ikabidi nipigiwe simu nijieleze kama mtuhumiwa. Akakubali. Sanduku lipo, ruhusa ipo, mpaka leo barua haijaja, maana tovuti zote kumi kwa miezi ishirini zimeingiza dola 6.83. Dada yangu akikutana na mkuu anabadilisha njia.

Mbili nilizifunga mwenyewe na sijuti. Ya vidonda vya tumbo niliifunga siku niliyoisoma, sitaki mtu afe kwa mkono wangu. Ya mikopo ilichukua wiki tatu, na hiyo inaniuma bado. Walikuwa wameweka fomu, "jaza upate mkopo leo". Mimi sikujua inakwenda wapi. Siku mpwa wangu alipofungua sanduku la barua pepe la tovuti ile alikuta watu 46. Wameweka namba za simu, namba za NIDA, wengine picha ya kitambulisho mbele na nyuma. Muuza samaki mmoja wa Feri ameandika maelezo marefu, anahitaji laki mbili, mtoto amerudishwa nyumbani, na mwisho akaweka "Mungu awabariki kwa huduma hii". Huduma ipi? Mimi na viti vyangu? Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 huwezi kukopesha watu bila leseni, na hiyo fomu hata mkopeshaji nyuma yake hakukuwa. Nilimuuliza kijana zile taarifa zingeenda wapi, akasema "tunawauzia wadau". Nikafuta zote, nikazima tovuti usiku uleule. Novemba 2024 Benki Kuu ilipotaja programu na majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na kibali, nilisoma orodha nzima huku moyo unapiga, kana kwamba nitajikuta humo. Mitaani mikopo ya namna hii tunaiita kausha damu tukicheka, lakini ukiisoma fomu ya mtu saa sita usiku huchekeshwi.

Machi 2024 Google wakatangaza sheria nyingine, wanazishusha tovuti zinazomwaga makala nyingi za kuzalishwa tu ili zipande, na pia wanaonunua majina yaliyoisha muda na kuyajaza takataka. Kufika mwisho wa Aprili tovuti zangu za ajira, simu, viwanja na Zanzibar zilikuwa zimetoweka kabisa, hata ukiandika sentensi yao ndefu. Sikumlaumu Google. Na mimi ningezitupa.

Sasa maji taka. Ile niliyoikataa.

Mpwa wangu ndiye aliyegundua kwamba maneno "gari la kunyonya maji taka Dar" yanatafutwa kila siku, na sisi tuko nafasi ya tisa bila kufanya kitu. Akaniambia shangazi, mtu akitafuta mapishi ya pilau anasoma anaondoka, mtu akitafuta gari la maji taka ana hela mkononi na pua imezibwa. Tukafuta habari za barafu. Nikaandika mwenyewe, kwa maneno ya kawaida: gari linabeba lita ngapi, tripu bei gani kutokana na umbali, bomba linafika mita ngapi kama gari haliingii uchochoroni. Namba ya simu juu kabisa, kubwa. Tukaliweka na kwenye ramani ya Google, maana siku hizi ukitafuta fundi au huduma yoyote ya karibu, ramani inatangulia, tovuti zinafuata chini. Gari lenyewe nilikuwa sina, nikamtafuta dereva mmoja ninayemfahamu kwa sababu alishawahi kuninyonyea, mtu mstaarabu, anamwaga kwenye mabwawa ya Vingunguti kama inavyotakiwa, si kwenye mtaro usiku. Tukapatana: kila tripu nitakayomletea, elfu kumi yangu.

Simu ya kwanza ilikuja Februari. Lakini nitawasimulia ya Aprili, zile mvua za 2024 mnazozikumbuka. Saa tano usiku, nimekaa kwenye kochi nakunja vitambaa vya meza, umeme umekatika, simu ikaita.

"Haloo, hapo ni maji taka?"

Kwa mazoea nikajibu, "Mama Maturubai hapa."

Kimya. "Samahani mama, nimekosea namba."

"Hujakosea baba. Sema uko wapi."

Alikuwa Kinyerezi, choo kimejaa maji ya mvua, kinarudisha bafuni, na asubuhi kuna arobaini ya mama yake, watu wanatoka Lushoto. Ilibidi niamshe dereva, dereva aamshe tingo, gari likafika saa kumi alfajiri likapiga tripu mbili. Saa moja asubuhi yule baba akanipigia tena, ameshukuru mpaka nimeona aibu, halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, ulisema wewe ni Mama Maturubai. Unayo kweli?" Nilipeleka turubai mbili na viti mia. Tovuti yangu ya maturubai, ya laki na ishirini, haijawahi kuniletea hata kiti kimoja.

Hadi mwisho wa Juni 2025 nimehesabu tripu 143. Mara elfu kumi, ni 1,430,000. Toa 1,200,000 ya kifurushi, toa 105,000 ya kulipia upya majina matatu Oktoba 2024, nimebaki na 125,000. Vocha na usingizi sijavipigia hesabu. Kodi ya sufuria mbili za pilau kwa miezi hiyohiyo inazidi hapo.

Lalamiko langu kubwa kuliko dubu ni umiliki. Niliambiwa "majina ni yako mama". Mpwa wangu alipoangalia rejista ya wenye majina, yale ya .co.tz yote yalikuwa yameandikwa jina la kampuni, na barua pepe ya kampuni. Mimi sipo popote. Kama wangeamua kulichukua lile la maji taka wakati linaanza kuita, ningeenda kulalamika wapi na nini mkononi? Ilinichukua wiki saba, barua mbili, na safari nne Sinza kwa bodaboda mpaka wakabadilisha. Kabla hujalipa hata shilingi, waambie mwenye jina aandikwe wewe, kwa barua pepe yako, na nenosiri upewe siku hiyohiyo.

Na hili la kulipia upya. Jina langu moja la .com lilipitiliza siku tatu, wakaniambia limeshaingia kwenye faini, 250,000 kulikomboa. Si kweli. Kwa .com kampuni nyingi hukupa wiki kadhaa za kulipa kwa bei ya kawaida. Kipindi cha ukombozi chenye faini ni siku 30 zinazofuata hapo, kisha siku 5, ndipo jina linakuwa huru mtu yeyote alichukue. Nilipowasomea hayo kwenye simu, faini ikayeyuka, nikalipa 45,000. Nayo ni ghali, lakini nilikuwa nimechoka.

Kuuza? Mawili niliyaweka sokoni mtandaoni kwa dola 500 kila moja, mwaka mzima hakuna aliyebisha hodi. Saba nimeyaacha yafe. La viti nililipia kwa ubishi tu.

Ofa ya kweli nimepata moja katika yote kumi. Wiki iliyopita dereva alikuja kuniletea elfu sitini zangu, akakataa soda, akawa anazungukazunguka kwenye viti. Mwishowe akasema, "Mama, lile jina. Ukitaka kuliuza, usimpe mtu mwingine." Akataja laki nne. Nimemwambia laki saba. Amesema ngoja akazungumze na mke wake.